Uwezo Upi?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017 inamlenga "mtu asiye na uwezo". Ukiyasoma maneno hayo ukiwa Newala au Masasi, unaelewa papo hapo kwamba inazungumziwa pesa ya wakili. Ila Kiswahili hakijawahi kuufungia uwezo mfukoni: mgonjwa hana uwezo wa kusimama, mtoto hana uwezo wa kuingia mkataba.

Hata hiyo pesa, huku kwetu kuipima ni taabu. Mkulima akikamatwa Novemba, minada ya korosho imechangamka na malipo yake yameshapita chama cha ushirika, AMCOS, ataonekana mtu mwenye nazo. Akikamatwa Juni, anahangaikia salfa ya kupulizia mikorosho, hana hata nauli ya kutoka Newala kushuka Masasi. Mtu ni yule yule na mikorosho ni ile ile.

Mimi uwezo ninaouwazia zaidi ni ule wa kudodosa, yaani kumhoji shahidi wa upande wa pili. Mtu ameshtakiwa mahakama ya wilaya kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Shahidi wa Jamhuri amemaliza. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una swali kwa shahidi?" Naye anaanza, "Mheshimiwa, mimi siku ile nilikuwa shambani..." Anakatizwa: hayo utayaeleza kwenye utetezi wako, sasa uliza swali. Ananyamaza. Kumbe Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba asiyemdodosa shahidi kwenye jambo la msingi huhesabiwa amelikubali. Mikorosho mia moja haimfundishi mtu kugeuza malalamiko yake yakawa swali.

Anayeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu hupangiwa wakili anayelipwa na Serikali, wala haendi mtu kuhesabu mikorosho yake kwanza. Ndivyo inavyotakiwa, maana mbele yake kuna adhabu ya kifo. Lakini miaka 30 nayo ni maisha ya mtu. Kijana wa miaka 25 akiingia, anatoka mzee, kama anatoka.

Sheria yenyewe haikuishia kwenye pesa. Tafsiri yake ya mtu asiye na uwezo inajumuisha pia makundi ya watu ambao "maslahi ya haki" yanadai wasaidiwe. Neno maslahi hapa halinitulizi, kwa kuwa tumelizoea kwenye mishahara ya walimu na posho za watumishi. Ningeandika "pale haki inapodai", mshtakiwa asikie kwamba panazungumziwa kesi yake. Kisha ningetaka fomu ya kuomba msaada wa kisheria kwa kesi za jinai isianze na mali. Ianze hivi: umeshtakiwa kwa kosa gani, adhabu yake ni ipi, na hati ya mashtaka uliyopewa, unaweza kuisoma?