Injini ya Kale Inapowashwa Tena

Siku hizi kijana akitaka kuwasha pikipiki yake hubonyeza kidude kidogo kwa kidole gumba, na injini yaitika mara moja. Lakini ziko pikipiki zilizoundwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambazo mafundi wa Ulaya, Marekani na kwingineko huzikuta zimelala katika maghala, zimeliwa na kutu. Huzifungua kipande kwa kipande, huzisafisha, huzirekebisha, kisha huzifunga tena. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka. Mwishowe yafika siku iliyo ngumu kuliko zote, ndiyo siku ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza.

Kwa nini siku hiyo ni ngumu? Ili tufahamu vema, hatuna budi kujua kwanza jinsi watu wa kale walivyowasha mitambo yao. Maana fundi anayeiamsha injini ya kale hawezi kuiamsha kwa desturi za leo; sharti ajifunze desturi za wale walioiunda.

Moto chini ya kiti

Injini ya mipigo minne, ambayo twaitumia hata leo, ilifanikiwa mwaka 1876 kwa kazi ya Nikolaus Otto huko Ujerumani. Pistoni hushuka ikivuta hewa iliyochanganyika na gesi au mvuke wa petroli. Hupanda ikiukandamiza mchanganyiko huo. Mchanganyiko huwaka na kuisukuma chini kwa nguvu. Kisha hupanda tena ikitoa moshi nje.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1885, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitia injini ndogo ya namna hiyo katika kiunzi cha mbao chenye magurudumu mawili, pamoja na vigurudumu viwili vya kando vya kukizuia kisianguke. Nguvu yake ilikuwa nusu ya farasi mmoja tu, na mwendo wake kilomita 12 hivi kwa saa.

Mchanganyiko uliwashwa na nini? Hapakuwa na cheche ya umeme. Palikuwa na kibomba cha madini kilichopashwa kwa mwali wa taa mpaka kikawa chekundu. Mwenye kuwasha alingoja kibomba kiive, ndipo akaizungusha injini kwa mkono. Yasimuliwa kwamba Paul, mwana wa Daimler, alipokiendesha chombo hicho mwezi wa Novemba mwaka ule, kiti kilishika moto chini yake. Chombo chenyewe kiliteketea mwaka 1903 wakati kiwanda cha Cannstatt kilipoungua. Vile vinavyoonekana leo katika nyumba za makumbusho ni mifano iliyoundwa baadaye.

Mwaka 1894 Hildebrand na Wolfmüller wa mji wa München walianza kuunda pikipiki za kuuza kwa watu wengi. Nazo bado ziliwashwa kwa kibomba cha moto. Mwendeshaji aliisukuma pikipiki akikimbia kando yake mpaka injini ishike, halafu akarukia juu. Mwaka uliofuata, huko Ufaransa, De Dion na Bouton walileta injini ndogo nyepesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Umeme huo ulitoka katika betri, na betri za siku zile zilikuwa na tabia ya kumwacha mtu njiani. Dawa ilipatikana mwaka 1902 katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, ambako Gottlob Honold aliunda manyeto ya nguvu kubwa. Manyeto ni sumaku na nyuzi za shaba: injini ikizunguka, nyuzi na sumaku hupishana, na umeme huzaliwa pasipo betri.

Kazi ya Herstal

Karibu na mji wa Liège, nchini Ubelgiji, kuna mji uitwao Herstal. Hapo ndipo kilipoanzishwa mwaka 1889 kiwanda cha Fabrique Nationale, yaani FN, ili kiunde bunduki za jeshi la nchi ile. Sisi wa Kongo jina la FN twalijua zaidi kwa bunduki zake, na kwa wengi si jina la furaha. Lakini mafundi wa kiwanda hicho waliunda pia baiskeli, na tangu mwaka 1901 waliunda pikipiki, kazi waliyoiacha katika miaka ya 1960.

Mwaka 1905 FN ilionyesha pikipiki iliyoshangaza watu. Mhandisi Paul Kelecom alikuwa ameitilia silinda nne zilizosimama katika mstari mmoja. Kila silinda ilikuwa na upana wa milimita 45, na pistoni ilisafiri milimita 57. Ujazo wa zote nne ulikuwa sentimita za ujazo 362. Kwa nini nne? Kwa sababu injini ya silinda moja hupiga pigo moja la nguvu katika kila mizunguko miwili, nayo humtikisa mpandaji kama mtwangio kinuni. Katika injini ya silinda nne pigo huja kila nusu ya mzunguko, na mwendo ni laini. Tena pikipiki nyingi za wakati ule zilitumia mkanda wa ngozi kuzungusha gurudumu la nyuma, nao uliteleza mvua iliponyesha. Kelecom alitumia shafti ya chuma. Cheche ilitoka katika manyeto ya Bosch.

Angalieni sasa namna ya kuiwasha. Pikipiki hizo za kwanza za silinda nne hazikuwa na klachi wala gia. Zilikuwa na pedali kama baiskeli. Mpandaji alikanyaga pedali, gurudumu likaizungusha injini, na injini iliposhika alikuwa tayari yumo safarini. Kiwashio cha kupiga kwa mguu kilianza kujulikana miaka michache baadaye, hasa katika pikipiki za Scott wa Uingereza, kabla ya vita vya 1914.

Kazi isiyoonekana

Basi tumchukue fundi wa leo aliyepata pikipiki ya Herstal ya namna hiyo, akaifunga upya. Mbele yake kimesimama chombo kinachong'aa. Lakini kila kitakachoamua siku ya leo kimefichwa ndani, pasipofikiwa na jicho.

Jambo la kwanza ni mafuta. Pikipiki za leo zina pampu inayosukuma mafuta mpaka kila mahali. Injini ya Herstal ya 1905 haikuwa hivyo: mafuta yalikaa chini katika sanduku la injini, na vipande vilivyozunguka viliyachota na kuyarusha juu. Maana yake ni kwamba katika mizunguko ya kwanza kabisa, beringi na kuta za silinda hazina mafuta mengine ila yale aliyoyapaka fundi kwa mkono wake alipokuwa akifunga. Akisahau mahali pamoja, chuma kitasuguana na chuma kikavu. Ndiyo maana fundi mwenye busara huondoa bujia zote nne, yaani vile vidude vya kutoa cheche, kisha huizungusha injini polepole kwa mkono, mara nyingi, akisikiliza na kupima kwa vidole kama kuna mahali panapokwama.

Jambo la pili ni cheche. Manyeto ya kale ni mdanganyifu. Gundi ya zamani iliyofunika nyuzi zake hulainika kwa joto, na kondensa yake huchoka kwa uzee. Hivyo manyeto yaweza kutoa cheche nzuri asubuhi ikiwa baridi, ikazimika kabisa baada ya kupata moto. Kwa hiyo mafundi wengi huisuka upya ndani kabla ya kuitegemea. Tena cheche ya manyeto ni dhaifu injini ikizungushwa polepole, nayo hupata nguvu kadiri mwendo unavyoongezeka. Anayekanyaga pedali kwa uvivu ataona jioni inaingia.

Jambo la tatu ni vali. Katika pikipiki hiyo vali ya kutolea moshi hufunguliwa na mtambo, lakini ile ya kuingizia petroli haina wa kuifungua. Pistoni ikishuka hufyonza, na mfyonzo huo ndio unaoivuta ifunguke. Springi dogo huirudisha. Springi likiwa gumu mno, injini hukosa pumzi. Likiwa legevu mno, vali huchelewa kufunga. Hapo fundi hana budi kujaribu na kujaribu tena.

Dakika za kwanza

Saa imefika. Pikipiki imesimamishwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma halifiki chini. Milango imefunguliwa, kwa kuwa moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, iwezayo kuua watu ndani ya nyumba. Mchanga au kizima moto vimewekwa karibu. Petroli ni mpya, kwa kuwa iliyokaa muda mrefu huacha utando unaoziba vitundu vya kabureta.

Fundi anapanda na kukanyaga. Pengine hakuna kitu. Anakanyaga tena. Linatoka pigo moja, kisha kimya. Hilo pigo moja si haba, kwani lamwambia kwamba petroli na cheche zimekutana walau mara moja. Anarekebisha kidogo wakati wa cheche na hewa ya kabureta, anakanyaga mara ya tatu. Mara silinda mbili zaitika, kisha tatu, kisha zote nne, na moshi mweupe wa mafuta yaliyopakwa wakati wa kufunga wajaza karakana.

Watu waliosimama hupiga makofi. Fundi hapigi makofi, kwa sababu hatari kubwa ndiyo sasa inaanza. Ringi mpya na silinda bado hazijazoeana. Uso wa chuma, hata ukionekana laini, una vilima vidogo visivyoonekana, navyo husuguana na kuzaa joto kabla ya kulainishana. Tena injini hii hupozwa na upepo wa safari, na hapo juu ya stendi hakuna upepo. Kwa hiyo baada ya dakika chache fundi huizima kwa makusudi, ingawa inaimba vizuri. Huiacha ipoe, huzikaza tena nati zilizolegezwa na joto, hutazama kama mafuta yanavuja na yana rangi gani. Halafu ndipo huiwasha tena. Akiongozwa na furaha na kuiacha ingurume nusu saa, pistoni yaweza kukwama ndani ya silinda, na kazi ya miaka ikapotea kwa mchana mmoja. Wala hakuna duka linalouza silinda za mwaka 1905.

Wanaoshika saburi hii huipata faida yake. Huko Uingereza tangu mwaka 1930 hufanyika safari ya pikipiki zilizoundwa kabla ya 1915, zinazokwenda mpaka mji wa Brighton ulio pwani. Vyombo ambavyo waundaji wake wote wamekwisha kufariki bado vyapanda milima kwa nguvu zake vyenyewe.

Faida kwetu

Msomaji aweza kusema: mambo ya Herstal na Brighton yanatuhusu nini? Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nendeni mkatazame mafundi wetu wa Bukavu, Kalemie au Lubumbashi, wanaofungua injini za pikipiki za abiria na kuzitia pistoni na ringi mpya. Pikipiki hizo zina pampu ya mafuta na kidude cha kubonyeza, lakini chuma ni kilekile, na vilima vyake visivyoonekana ni vilevile. Mwenye pikipiki humharakisha fundi, kwa sababu nyumbani watu wangoja chakula cha jioni. Injini ikishalia tu, hupakia abiria wawili na gunia moja, akapanda mlima kwa nguvu zote. Baada ya majuma machache yuko tena kwa fundi na moshi wa buluu, naye asema kwamba vipande alivyouziwa ni vibovu. Pengine ni vibovu kweli. Lakini kama aliunguza ringi zake siku ya kwanza, hata vipande bora visingemfaa. Basi fundi akikuambia uende polepole kwa kilomita mia kadhaa za kwanza, bila mzigo mzito, kisha urudi abadilishe mafuta na kukaza nati, usidhani kwamba anatafuta fedha nyingine. Anakukinga na hasara ya kulipa mara mbili kwa kazi ileile.