Mwasho wa Klorokwini

Kwa miaka mingi mgonjwa wa malaria Afrika Mashariki alimeza klorokwini akijua kwamba homa ikishuka, mwasho utapanda. Ulianza saa kadhaa baada ya dozi ya kwanza, ukamchoma viganjani, nyayoni, hatimaye mwili mzima, na usiku wake haukulalika. Ajabu ni kwamba ngozi ilibaki safi, haina upele wala vipele vya kumwonyesha mganga. Hapo ndipo mgonjwa alipoanza kutoaminika. Linganisha na kwinini, dawa iliyoitangulia klorokwini: ilivumisha masikio ya Mzungu kama ilivyovumisha ya Mwafrika, na jambo hilo likaandikwa vitabuni mapema. Lakini klorokwini, iliyotengenezwa mwaka 1934 na Hans Andersag wa kampuni ya Bayer, ikawekwa kando kwa kudhaniwa kali mno, kisha ikafufuliwa na Wamarekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huwawasha Wazungu kwa nadra. Lililo nadra kwa mtunga kitabu huonekana dogo, hata kama huku ni la kila siku.

Nadai kwamba malalamiko yale yalikuwa ushahidi wa kitabibu. Wengi waliuita mwasho ule aleji, wagonjwa wakapewa piritoni, na mara nyingi piritoni haikufua dafu. Aleji ya kawaida ya ngozi hupitia histamini, kemikali ambayo piritoni huizuia. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba klorokwini huiamsha mishipa ya fahamu ya mwasho moja kwa moja, kupitia kipokezi chake chenyewe. Dawa haina macho ya kuchagua vimelea peke yao: molekuli ileile inayomzuia kimelea kujikinga na sumu ya damu anayoila huzunguka mwilini kwa wiki kadhaa, ikigusa kila inachoweza kukigusa. Mgonjwa aliyesema kidonge cha aleji hakimsaidii alikuwa ameshaeleza nusu ya jambo hilo.

Atakuwepo wa kupinga: klorokwini haikuondolewa kwa sababu ya mwasho, bali usugu wa vimelea. Ni kweli, na mwasho usisingiziwe usugu, ambao mbegu yake ilitoka Kusini-Mashariki mwa Asia na kufika Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini Kenya ilipohamia SP (sulfadoksini na pirimethamini) mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001, ilikuja dawa ambayo, mara chache sana, huweza kumbabua mtu ngozi. Tanzania hofu ilitanda, na wataalamu wakaeleza, kwa haki kabisa, kwamba jambo hilo ni nadra. Waliokuwa wakiambiwa hivyo ni watu walewale waliokesha wakijikuna kwa dawa iliyosifiwa kuwa salama.