Lubumbashi na Ufadhili wa Masomo wa Ubelgiji

Kongo ilipojipatia uhuru tarehe 30 Juni 1960, wananchi wake waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Chuo kikuu cha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 tu. Basi kwa miaka mingi mhandisi, mganga au mhadhiri aliyetaka kujiendeleza alitazamia mara nyingi ufadhili wa Ubelgiji, mtawala wa jana.

Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa katika mabweni yao. Idadi ya waliokufa ingali inabishaniwa. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na kusitisha misaada mipya. Mobutu akajibu kwa kuwafukuza wataalamu wa Kibelgiji. Adhabu iliyokusudiwa kwa utawala, na kisasi cha utawala huo, vyote viwili vilikiangukia chuo kilekile kilichokuwa kimefiwa. Mwalimu aliyetegemea fedha hizo kumalizia tasnifu yake alikuwa na hatia gani?

Kosa, kwa maoni yetu, halikuwa kuwapeleka watu ng'ambo. Kosa lilikuwa kuyafunga masomo ya mtu kwenye maelewano ya serikali mbili. Observatoire du Changement Urbain, iliyoanzishwa chuoni mwaka 2000 kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Ubelgiji, ilijaribu njia nyingine: watafiti wake walijifunza kazi mumo humo jijini, wakichunguza maisha ya kaya za Lubumbashi. Fedha, hata hivyo, zilitoka kulekule.