Ahadi Isiyo na Hakimu

Ndugu msomaji, maneno juu ya katiba yamekuwa mengi. Huyu asema ibadilishwe, yule asema iachwe kama ilivyo. Lakini ukiwauliza yasema nini, aghalabu utawakuta wote wawili hawajaifungua. Basi natuutazame mwanzo wake, tujue ilikusudia nini.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilipitishwa mwaka 1977, baada ya kazi ya kamati ya watu 20 iliyoongozwa na Sheikh Thabit Kombo. Utangulizi wake wataja nguzo nne: uhuru, haki, udugu na amani. Na waongeza kwamba nguzo hizo hazisimami ila pale serikali inaposimamiwa na wabunge waliochaguliwa, na mahakama zikawa huru. Izingatie taratibu hiyo: amani imekuja mwisho, na haki imeitangulia. Atakaye amani bila ya haki ni kama atakaye mavuno naye hakupanda.

Wewe uliye Tanga, Bagamoyo au Unguja huenda ukadhani hayo ni mambo ya mji mkuu. Mimi nakuandikia kutoka Mkula, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, katika nchi ya Wasukuma na pamba. Na huku thamani ya maneno hayo yajulikana kwa mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa kanda hii, wakiongozwa na Paul Bomani, walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika. Mwishoni mwa 1954 mkoloni alikataza TANU kufanya kazi Usukuma, na katazo lile likadumu hadi 1958. Watu hawa walitaka nini? Kupimiwa kwa haki, kukutana, na kusema.

Mkoloni akaondoka 1961. Je, uhuru peke yake ulitosha? La. Katiba ya mwaka ule haikuwa na orodha ya haki za raia. Na mwaka 1976, mwaka mmoja tu kabla ya nguzo nne kuandikwa, serikali yetu wenyewe ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, vile vilivyojengwa kwa jasho la mkulima. Havikurudishwa ila kwa sheria ya mwaka 1982. Basi tujue: dhuluma haina rangi, na mtawala wa nyumbani naye ahitaji kuwekewa mpaka.

Ndipo marekebisho ya 1984 yakaingiza haki za raia, ingawa mahakama hazikuruhusiwa kuzisikiliza kesi zake hadi 1988. Marekebisho hayo yakaweka na malengo katika Ibara ya 9: utu wa mtu uheshimiwe, utajiri wa taifa uwafae wote, na dhuluma, rushwa, uonevu na upendeleo viondolewe.

Lakini isome na Ibara ya 7. Yasema kwamba malengo hayo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Yaani ni ahadi isiyo na hakimu. Ireland mwaka 1937 na India mwaka 1950 zilifanya vivyo hivyo, kwani umaskini hauondoki kwa hukumu ya siku moja. Wako wasemao, basi ni maneno matupu. Sivyo. Deni lisilo na shahidi ni deni vile vile, na huko ndiko hujulikana mwaminifu. Dini yetu imetufunza kwamba kila ahadi itaulizwa. Kiongozi aliyeapa kuilinda katiba ameyabeba na malengo hayo, ajapokuwa hapana kadhi wa kumwita.

Nasi raia tumebeba sehemu yetu. Rushwa haipokelewi mpaka itolewe. Upendeleo haupatikani mpaka uombwe. Na mizani ya duka lako wewe ndiye uishikaye. Rasimu mpya iliandikwa, Bunge Maalum likakaa 2014, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Tuidai iliyo bora, ni haki yetu. Lakini wakati tukingoja, tuisome hii tuliyo nayo, tuwafunze watoto wetu zile nguzo nne, na mbunge ajapo kuomba kura tumwulize Ibara ya 9 ameitendea nini. Ahadi isiyo na hakimu hulindwa na wenye kuikumbuka.