Pikapu za Dizeli za Kitui na Makueni

Pikapu ya dizeli ni gari la mizigo lenye nafasi ya dereva na abiria wachache mbele na bodi wazi nyuma. Katika kaunti za Kitui na Makueni, mashariki mwa Kenya, ndilo gari la kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hubeba maembe kutoka shambani hadi kando ya lami, magunia ya ndengu, mbuzi wa kupelekwa mnadani Emali, mawe ya ujenzi na, kiangazi kikishika, maji. Tangi la plastiki la lita 1,000 likijazwa lina tani nzima ya maji, na mzigo halali wa pikapu nyingi za aina hii ni takriban huo huo. Uzito zinaobebeshwa kwenye njia za Ikutha au Kathonzweni ni hesabu nyingine kabisa.

Pikapu nyingi za awali, kama Datsun 1200, zilitumia petroli. Dizeli ilipata nguvu baada ya Kenya kuanza kuunganisha magari yake. General Motors Kenya ilianza kazi hiyo Nairobi mwaka 1977 na kuyafanya magari ya Isuzu kuwa ya kawaida nchini. Mwaka 2017 Isuzu ilinunua hisa za General Motors na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa. Toyota Hilux ya dizeli nayo ilifika katika miaka hiyo ya mwanzo ya uunganishaji. Peugeot ilitoa pikapu ya 504 mwaka 1979 na kuacha kuitengeneza Ufaransa mwaka 1993, lakini nchini Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 2004. Wazee wengi wa Ukambani wanaikumbuka kama gari la abiria: bodi iliyoezekwa, mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, na kondakta ananing'inia nyuma. Kanuni za Februari 2004 za waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilizodai mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, ziliibana sana biashara ya namna hiyo. Baadaye gari dogo la Toyota Probox likachukua abiria, bodaboda ikachukua mizigo midogo, na pikapu ikabaki na vile vizito.

Umri wa gari husomwa kwenye namba ya usajili. Herufi za KAA zilianza kutolewa mwaka 1989, KBA mwaka 2007, KCA mwaka 2014 na KDA mwaka 2020. Kwa hiyo mnunuzi anayeambiwa kuna Hilux ya KAH inauzwa Mwingi hahitaji kuuliza ni ya zamani kiasi gani. Huuliza injini ni gani, na kama imewahi kufunguliwa.

Swali la injini ndilo linalogawa pikapu za zamani na za kisasa, kuliko umbo, viti au taa. Injini ya Toyota iitwayo 2L, iliyotumika katika Hilux za miaka ya 1980 na 1990, ina sentimita za ujazo 2,446 na nguvu ya farasi takriban 80. Injini ya 2GD, iliyoingia na Hilux ya mwaka 2015, ni ndogo kidogo, sentimita za ujazo 2,393, lakini inatoa karibu farasi 150. Tofauti hiyo imetokana na turbo na namna dizeli inavyoingizwa kwenye silinda.

Katika 2L na ndugu zake 3L na 5L, pampu inayozungushwa na injini yenyewe hugawa dizeli na kuisukuma hadi kwenye nozeli, moja kwa kila silinda. Nozeli hufunguliwa na shinikizo la dizeli hiyo hiyo. Dizeli huanza kuwaka katika chumba kidogo kwenye kichwa cha injini kabla moto haujashuka kwenye silinda. Umeme unahitajika kuwasha injini na kuacha wazi njia ya dizeli kwenye pampu, basi. Betri ikiwa dhaifu, vijana wanne na mteremko mdogo wanatosha.

Kwa sababu hiyo ugonjwa wa injini hii unaweza kutafutwa kwa spana. Gari likiwa linakokota na kutoa moshi, fundi huliacha lingurume, kisha hulegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza. Mlio ukibadilika na injini ikadhoofika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Huikaza nati na kwenda kwenye ya pili. Akifika kwenye ile ambayo hata ikilegezwa mlio haubadiliki, amempata mgonjwa. Hewa ikiingia kwenye mfumo baada ya dizeli kuisha njiani, hulegeza skrubu ya chujio na kubonyeza kipampu cha mkono kilicho juu yake, povu likitoka hadi dizeli ije safi bila vipovu. Kazi hii hufanywa chini ya mwembe, bila kompyuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Toyota na Isuzu zilihamia mfumo mwingine. Pampu ya shinikizo kubwa hujaza bomba moja la pamoja, na nozeli hufunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta ya gari, hata mara kadhaa katika pigo moja la pistoni. Shinikizo ndani ya bomba hilo hupita mara elfu moja la hewa ya kawaida. Dizeli hutoka kama ukungu, huungua vizuri zaidi, na gari huenda mbali zaidi kwa lita moja. Lakini nafasi zilizo ndani ya nozeli ni finyu mno, na maji au vumbi kidogo huziharibu.

Hapo ndipo mafuta ya mashinani yanapoleta shida. Katika masoko yasiyo na kituo cha mafuta, dizeli huuzwa kwa madebe, na hakuna ajuaye debe lilikuwa na nini jana. Kwa miaka mingi pia dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi chuma kama dizeli, na pampu zote mbili, ya zamani na ya kisasa, hutegemea ulainishaji huo. Ila ya zamani huchakaa polepole na kumpa mwenyewe miezi ya dalili: huchelewa kuwaka asubuhi, hutoa moshi, hukosa nguvu mlimani. Ya kisasa inaweza kuzimwa na kompyuta yake katikati ya mchanga wa Mto Tiva, na fundi mwenye mashine ya kuisoma yuko mjini. Mwenye kubeba maembe yaliyoiva hawezi kumsubiri.

Sifa hizi za injini za zamani zisitiwe chumvi. Kichwa cha 2L kinajulikana kwa kupasuka injini ikichemka, na hakuna mahali pazuri pa kuichemsha kama milima ya Mbooni na Kilungu ukiwa umepakia. Mkanda wa ndani usipobadilishwa kwa wakati, valvu hugonga pistoni. Breki za zamani hazina mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga, na mifuko ya hewa haipo. Moshi mweusi nao si jambo la kucheka: mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Afrika Mashariki ilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua iliyosaidia zaidi injini mpya zenye vichujio vya moshi.

Barabara nazo zimebadili hesabu. Lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui, iliyoanza kuwekwa katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, imempa sababu ya kununua gari jipya mtu anayekwenda Nairobi kila wiki. Kwenye lami Isuzu D-Max mpya huishinda Isuzu KB kuukuu kwa kila kipimo, isipokuwa bei.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 inavuruga mgawanyo huu wa zamani na kisasa. Pikapu yake bado inauzwa Afrika ikiwa na injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Polisi na mashirika ya misaada huipenda kwa sababu zile zile zinazomfanya mkulima wa Zombe aipende Hilux yake. Mkulima huyo angeipenda hii pia, bei ndiyo haimpendi.

Pikapu za zamani zimekuwa adimu kwa sababu mbili. Kwanza, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Pili, Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani kuanzia 2004 hadi 2017, na Japani ndiko yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoingia Mombasa. Kwa hiyo soko lilijaa Probox na Fielder, lakini si pikapu. Zilizoko huhudumiwa na spea za Kirinyaga Road, Nairobi, mpya, za mtumba na bandia, na mnunuzi asiyezitambua hutuma fundi wake.

Jibu jingine la mafundi kwa uhaba huo ni kung'oa injini ya kisasa iliyoshindikana na kuweka 3L au 5L badala yake. Kazi hiyo hudai viungo vya kuishikilia injini, wakati mwingine giaboksi pia, na mabadiliko ya nyaya. Namba ya injini haiwi tena ile iliyo kwenye logibuku, na mwenye gari anapaswa kuisajili upya katika Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Anayenunua pikapu ya namna hii hulinganisha namba iliyogongwa kwenye injini na ile ya kwenye karatasi kabla ya kutoa pesa.