Abdulrahman Aliuliza Soko Liko Wapi

 

Kwenye kikundi chetu tuko Wakristo na Waislamu, na mabishano hayaishi. Juzi mmoja wetu alisema historia ya wakimbizi inaanza mwaka 1951, ule mkataba wa Geneva. Mwenzetu aliyesoma madrasa kwao Bujumbura akacheka sana. Akasema, sisi hata miaka tunaihesabu kutoka kwenye safari ya wakimbizi. Na ni kweli. Kalenda ya Kiislamu haianzi mwaka aliozaliwa Mtume Muhammad, wala mwaka aliopewa wahyi. Inaanza 622, mwaka ambao yeye na watu wake walihama Makka wakaenda Madina. Basi tukakubaliana tuandike. Tumesoma, tumewauliza wazee na masheikh, tumebishana tena, na hiki ndicho kilichobaki.

Kabla ya Madina kulikuwa na Habasha. Karibu mwaka 615 Waislamu wa Makka walikuwa wachache, wengine watumwa, wanapigwa, wanateswa. Mtume akawashauri wavuke Bahari ya Shamu waende kwa mfalme wa Aksum, Najashi, Mkristo aliyejulikana kwa haki. Wa kwanza walikuwa kama kumi na tano, wanawake wanne kati yao. Baadaye wanaume peke yao walizidi 80.

Wakubwa wa Makka hawakuwaacha. Walituma wajumbe wawili na zawadi za ngozi, kwanza kwa maofisa wa mfalme, halafu kwa mfalme mwenyewe. Maofisa walikuwa wameshakula zawadi, kwa hiyo wakasema: warudishwe kwao. Mfalme akakataa kuwatoa kabla hajawasikia. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye usaili wa kuomba hifadhi, mikono inatetemeka na mkalimani hamjui, ataielewa hadithi hii bila kufafanuliwa.

Aliyesimama kujibu alikuwa Jafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume. Tuliyasoma maelezo yake mara nyingi, na kilichotushangaza ni mpangilio wake. Alisema walikuwa watu wa kuabudu masanamu, wa kukata undugu, wa kumtendea jirani vibaya, mwenye nguvu anamla mnyonge. Halafu akaja mtu waliyemjua kwa ukweli wake, akawafundisha kumwabudu Mungu mmoja, kusema kweli, kurudisha amana, kuunga ukoo, kukaa vizuri na jirani, kuacha kumwaga damu, kutokula mali ya yatima. Imani na jirani viko katika pumzi moja. Hakusema kwanza dini, halafu tabia njema ni somo la siku nyingine. Akasoma na sehemu ya sura ya Maryam, mfalme akalia, na zawadi zikarudishwa.

Aliyetuhifadhia kisa hiki ni mwanamke, Umm Salama. Alikuwepo huko, mkimbizi kama wengine. Wale wanaosema historia ya dini imebebwa na wanaume peke yao waanzie hapo.

Baadhi yao walikaa Habasha mpaka mwaka 628. Hesabu mwenyewe, ni kama miaka kumi na tatu. Watoto walizaliwa huko. Abdullah, mtoto wa Jafar, ni mmoja wao. Kuna msichana mwingine, Umm Khalid, aliyekulia Habasha. Siku moja wakiwa Madina Mtume aliletewa vazi dogo lenye nakshi, akauliza watu wanaona apewe nani, halafu akaita aletwe yeye. Akamvisha kwa mkono wake, akamsifia kwamba vazi ni zuri, na neno la kumsifia alilitamka kwa lugha ya Kihabeshi. Hakumsahihisha mtoto kwa lugha ya nchi aliyokulia. Alimfuata humohumo. Hapa Dzaleka tumejaa akina Umm Khalid. Kambi ilifunguliwa 1994, mahali palipokuwa gereza wakati wa Kamuzu Banda, na waliozaliwa humu sasa wana watoto wao. Wanaota ndoto kwa Chichewa. Nyumbani mama anaongea Kirundi au Kibembe, sokoni ni Kiswahili, na mtu akiwauliza kwao ni wapi wanakaa kimya kidogo kwanza.

Sasa twende Madina. Waliohama waliitwa Muhajirina, wenyeji wakaitwa Ansari, yaani wasaidizi. Mtume aliwaunganisha wawiliwawili, mgeni na mwenyeji, wawe ndugu. Abdulrahman bin Auf, mfanyabiashara aliyeacha mali yake Makka, alipewa undugu na Saad bin Rabii. Saad akamwambia atamgawia nusu ya kila alicho nacho. (Aliahidi hata zaidi ya mali, mambo ya nyumbani kwake kabisa. Hayo tunawaachia masheikh.) Abdulrahman akamwombea baraka, akakataa kwa adabu, akauliza kitu kimoja tu: soko liko wapi.

Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, ambao walikuwa Wayahudi. Akarudi na samli na maziwa yaliyokaushwa. Kesho yake akaenda tena. Baada ya muda alionekana ana alama za manukato ya njano: kumbe ameoa, na mahari ametoa dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume akamwambia afanye karamu, hata kama ni ya kondoo mmoja.

Wajameni, kisa hiki tunakipenda kuliko vyote, lakini tunaomba kisisomwe vibaya. Kuna watu hukitumia kumsema mkimbizi: mnaona, yeye hakuomba, nyinyi mnangoja mgao. Ngoja kidogo. Abdulrahman alifanikiwa kwa sababu alipouliza soko liko wapi, alionyeshwa. Hakuna aliyemwambia soko si la wageni.

Malawi imetupokea, na hatusemi hili kwa mdomo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hii, maskini vile ilivyo, ilikuwa na wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya milioni moja. Saad gani tena? Lakini ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, pamoja na kwenye kazi na kwenye ruhusa ya kutembea. Ndiyo maana kambi iliyopangwa kwa watu kama elfu kumi au kumi na mbili sasa ina zaidi ya 50,000, na Lilongwe, kilomita 40 na kitu kutoka hapa, kwetu inakuwa kama ng'ambo. Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wanaishi nje ya kambi waliagizwa kurudi. Wengine katika sisi tulifika na magodoro, daftari za shule na mizani ya duka. Mizani bado ipo chini ya kitanda.

Na sisi tujiangalie pia. Yule yule aliyeunga undugu wa Madina alipita sokoni siku moja, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasingizia mvua. Akaulizwa mbona zilizolowa hakuziweka juu watu wazione, na akaambiwa wazi kwamba anayedanganya hahesabiwi miongoni mwao. Soko letu la hapa tunalijua. Maharage mazuri juu, ya wadudu chini. Tunaomba tufunguliwe masoko ya wengine, na letu tunalipaka rangi.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo baadhi yetu hawakutaka tuiandike. Uislamu na Kiswahili vilifika Malawi zamani, kabla ya bendera ya Waingereza. Karibu mwaka 1840 mfanyabiashara kutoka upande wa Zanzibar, Salim bin Abdallah, aliweka makao Nkhotakota kando ya ziwa, na yeye na waliomfuata waliitwa Jumbe mpaka miaka ya 1890. Dini ikaenea, hasa kwa Wayao, na katika sensa ya 2018 Waislamu ni asilimia 13.8 ya watu wa Malawi. Lakini majahazi yaliyotoka Nkhotakota kuvuka ziwa yalibeba pembe na yalibeba watu, njia ya kwenda Kilwa kuuzwa. Wenzetu wa Maniema wanaijua habari hiyohiyo kwa majina ya kwao: Kasongo, Tippu Tip. Watu waliofundishwa kwamba kumwacha mtumwa huru ni ibada, waliomheshimu Bilal aliyekuwa mtumwa, waliswali na kuuza jirani zao siku moja. Lugha tunayoandikia hapa ilipita njia hiyo. Kwa hiyo mzee wa Kichewa akikisikia Kiswahili na uso ukabadilika, tusikimbilie kusema ana ubaguzi.

Mara nyingine mafundisho yalishika. Kigali, mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, Waislamu walikaa tangu ukoloni kama watu wa pembeni, waliitwa Waswahili hata wakiwa Wanyarwanda. Walioana Mhutu na Mtutsi, wakala pamoja, na siasa haikuwa na nafasi kwao. Mwaka 1994 wengi wao walificha watu, Waislamu na wasio Waislamu, majumbani na misikitini. Si wote. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, alikuwa Mwislamu, na mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani. Lakini baada ya vita Wanyarwanda wengi waliingia Uislamu, na walipoulizwa sababu walitaja waliyoyaona mwaka ule.

Tulimuuliza mzee mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Wahutu na Watutsi waliendelea kukaa mtaa mmoja hata miaka mibaya, kwamba waliwezaje. Tulingoja aya. Akasema watoto walikuwa wanakula sinia moja, na ukitaka kumfukuza mmoja lazima umjue ni yupi.

Jambo la mwisho liliulizwa na dada mmoja Mkristo, anasaidia kugawa chakula. Aliona mwisho wa Ramadhani mama mjane, jirani yake, mkimbizi wa mgao kama wengine, anapima unga kwenye kopo na kuutenga. Akadhani anauza. Kumbe ni zaka ya fitri, kama kilo mbili na nusu za chakula cha mahali pale kwa kila kichwa nyumbani, hata mtoto mchanga, na inatakiwa ifike kwa maskini kabla ya swala ya Idi. Anayetoa si tajiri. Ni yeyote aliye na chakula cha kuzidi mahitaji ya siku ile na usiku wake. Dada akauliza, sasa mama huyu anampa nani, na wote tuko kwenye orodha moja? Mama akamwonyesha kwa kidevu nyumba ya tatu, waliofika wiki iliyopita, karatasi zao bado hazijatoka.