Kipimo na Sauti katika Muziki wa Majaribio, 1948–1953

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatashangaa wakiambiwa kwamba sanaa hupimwa. Neno mizani, tulitumialo kwa hesabu ya silabi za mshororo, ndilo jina la chombo cha kupimia uzito sokoni. Lakini yafaa kuuliza: je, kipimo hukitunza kile kipimwacho, ama huchukua sehemu yake tu na kuiacha iliyobaki? Swali hili lina mfano ulio wazi katika muziki wa majaribio wa Ufaransa na Marekani, ambao watungaji wake walinasa sauti za mitaani, wakazipima kwa rula, na kuziandika kwa michoro badala ya noti.

Mwanzo ulikuwa Paris. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alinasa sauti za magari ya moshi katika stesheni ya Batignolles, akatunga kwazo Étude aux chemins de fer. Alitumia santuri, nayo santuri yaweza kurudiwa na kubadilishwa mwendo, bali haikatiki vipande na kuungwa. Utepe wa sumaku uliondoa kizuizi hicho. Utepe upitao mashineni kwa mwendo wa inchi 15 kila sekunde hugeuza muda kuwa urefu: nusu sekunde ni inchi saba na nusu, ambazo fundi aweza kuzipima mezani na kuzikata kwa wembe.

Wakati huo huo maandishi ya muziki nayo yalikuwa yakibadilika. Huko New York, mwaka 1950, Morton Feldman aliandika Projection 1 juu ya karatasi ya miraba. Hakutaja noti hata moja. Mahali pa mraba palionyesha tu kama sauti iwe ya juu, ya kati au ya chini, na upana wake ulionyesha muda. Muda ulipimwa, noti yenyewe aliachiwa mpigaji aichague.

Njia hizi mbili, ya utepe na ya mchoro, zilikutana katika Williams Mix ya John Cage, iliyotungwa mwaka 1952 na kusikizwa watu mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Illinois mwezi Machi 1953. Louis na Bebe Barron walikusanya mamia ya sauti, nazo zikagawanywa katika mafungu sita kwa herufi: A sauti za mjini, B za shamba, C za mitambo ya umeme, D zilizofanywa kwa mikono, E za pumzi na upepo, F sauti ndogo zinazohitaji kukuzwa. Cage alirusha sarafu kwa kufuata I Ching, kitabu cha kale cha ramli cha Wachina, ili bahati iamue sauti ipi ifuate na kwa urefu gani. Andiko lake lina kurasa 192, na kila ukurasa ni sekunde moja na theluthi tu. Tepe nane zimechorwa humo kwa ukubwa wao halisi, pamoja na mshazari wa kila mkato, mithili ya karatasi ambayo fundi cherehani huitandaza juu ya kitambaa na kukata kwa kuifuata. Kazi ya miezi mingi ya wembe na gundi ilizaa muziki wa dakika nne na robo hivi.

Hapa ndipo penye jambo la kupimwa na mwanahistoria. Andiko hilo lasema kwa usahihi kila sauti ianze wapi na iishe wapi, lakini halisemi ni sauti gani. Mtaa mzima, na waliokuwa wakipita humo, umekuwa herufi A. Kwa sababu hiyo hiyo kazi yaweza kufanywa upya kwa sauti nyingine kabisa, kama alivyofanya Tom Erbe mwaka 2012. Kipimo kimedumu, mahali pamepotea.

Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, mwaka mmoja tu baada ya onyesho la Illinois. Hakuna uhusiano baina ya mambo hayo mawili, ila kuyaweka pamoja kwafunza. Mshairi naye huijua mizani kabla ya maneno, aghalabu nane na nane. Lakini mshororo uliotimia mizani ukakosa maana hausifiwi na yeyote. Kwetu kipimo hakijaruhusiwa kusimama peke yake.

Nasi tunaonasa masimulizi na nyimbo tusilisahau hilo. Tukiandika muda wa utepe na aina ya utungo tu, tusiandike jina la kijiji, na, kwa idhini yake, jina la msimulizi, tutakuwa tumewapa wajao andiko la herufi, nao hawatajua ni nani aliyesema.